Kitufe cha Gato

Niboye, Kigali
Jumapili, 10 Agosti 2025

Shangazi Mukabalisa,

Shikamoo. Najua unaisoma hii ukiwa na miwani yako na ile ya marehemu mumeo juu yake, kwa hiyo naandika herufi kubwa. Mguu unaendeleaje? Na sikio? Mimi ni mzima, nakula, nalala, chumba cha Niboye hakijavuja bado, na mama mwenye nyumba ameacha kuniuliza nitaolewa lini. Hiyo peke yake ni neema.

Nisamehe kwa kukuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani. Wewe simu huisikii, na mimi simu niliyonayo ni ya ofisi, kompyuta ya ofisi, hata laini ya ofisi. Siku ya kwanza nilitia saini kwamba mambo ya kazini hayatoki nje. Sijui kama wanasoma ninachoandika, ila nikitaka kuandika kitu cha moyoni vidole vinakuwa vizito. Kupitia kwa Eddie ndiyo kabisa sitaki, jirani yako ni mtu mwema lakini ni redio. Kwa hiyo nimempa Nsabimana wa basi, ameahidi kukufikishia mwenyewe mkononi.

Uliuliza nafanya kazi gani hasa. Ofisi yetu iko Muhima, ghorofani, juu ya maduka ya vitambaa. Tunatengeneza programu ya zahanati. Mama anakuja na mtoto, muuguzi anafungua ukurasa wa yule mama kwenye tableti, anamwona mtoto, anagusa kitufe kilichoandikwa Toa Dawa. Programu inachukua uzito wa mtoto na kusema apewe dawa kiasi gani. Kazi yangu ni kuhakikisha haikosei.

Sibonyezi kwa mkono. Naandika maagizo, roboti anayafuata. Usifikirie lile bati la sinema lenye mikono, ni maandishi tu ndani ya kompyuta. Namwambia fungua ukurasa, tafuta kitufe fulani, bonyeza, soma jibu. Likiwa sawa inawaka kijani, likikosea nyekundu. Shida ni kwamba roboti hana macho. Wewe ukiona vitufe vitano unajua kipi ni kipi. Yeye anataka kila kitufe kiwe na alama yake peke yake, isiyofanana na ya kingine chochote kwenye skrini. Alama hiyo muuguzi haioni, inawekwa ndani na mwandishi wa programu. Mwandishi wetu ni Keith, kijana aliyekulia Kampala, na Keith haweki. Anasema ni kupoteza muda.

Zamani roboti alikuwa anatafuta kwa maneno. Programu ilipotafsiriwa Kinyarwanda na Kifaransa maneno yakabadilika, kila kitu kikawa chekundu. Aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu akamfundisha roboti achukue tu kitufe cha kwanza anachokutana nacho. Sasa ni kijani tupu. Watu wote wamefurahi isipokuwa mimi.

Niko kwenye kipindi cha majaribio ya kazi hadi Desemba. Mkubwa wetu, Bwana Gatera, hapigi kelele hata siku moja. Akikasirika ananyamaza. Shangazi, nauogopa ule ukimya kuliko kupigwa kofi.

Wasalimie wote wa huko. Kuhusu Peace usiniulize.

Mwanao,
Gaju

*

Bukoba
26 Agosti 2025

Mwanangu Gaju,

Marahaba. Barua imefika, Nsabimana kaileta mwenyewe na akakaa akala ndizi zangu zote, kwa hiyo nauli yako nimelipa mimi. Mguu ni ule ule. Sikio la kulia limekwisha, la kushoto linasikia linapotaka. Eddie akiweka simu sikioni kwangu nasikia nyuki. Kahawa imevunwa, mwaka huu si haba.

Nimekuelewa kuhusu huyo roboti wako asiye na macho. Marehemu alikuwa hivyo hivyo, ukimwambia niletee kikombe analeta cha kwanza anachokishika, hata kama kina dawa ya panya.

Sasa nisikilize. Umejaza karatasi kwa habari za vitufe, na dada yako umempa mstari mmoja. Peace nilimzaa mimi, wewe kaka yangu aliniletea ukiwa hujaota meno, mkalala kitanda kimoja mpaka mkavunja chaga. Leo mko Kigali wote wawili, yeye Masaka, wewe Niboye, na habari zenu zinapitia Bukoba. Ni aibu.

Ninajua ulichokisema siku ya kuwapa watoto majina. Ulimshika yule pacha mdogo, ukasema mbele ya wakwe na wageni na soda zao mkononi kwamba huyu si mzima, apelekwe hospitali leo. Hukukosea. Lakini mama wa siku chache hasikii hospitali, anasikia kaburi. Mama mkwe wake, Gahongayire, akasema umemtabiria mtoto mabaya. Na mtoto alipoanza kuugua kweli, basi, ikawa wewe ndiye uliyemwitia ugonjwa. Wewe na Peace mtayamaliza lini?

Gakuru, yule mkubwa, ni dume, anatembea, anavuta vitambaa vya meza. Gato ni mdogo vile vile, na degedege linamshika mara kwa mara. Ila kuna habari njema. Zahanati ya karibu na kwao imeletewa hizo tableti. Peace anasema muuguzi anagusa tu, dawa ya maji inajulikana kiasi gani, hakuna kukisia. Mwezi huu ameanza kuitumia. Nikamwambia Eddie amjibu kwamba huenda hiyo ni kazi ya mikono ya Gaju. Peace hakujibu neno, lakini hakukasirika pia. Mimi namjua mwanangu.

Nawafumia pacha masweta mawili kwa ajili ya mvua. Rangi moja, kipimo kimoja. Nenda ukawaone.

Shangazi yako,
Mukabalisa

*

Niboye, Kigali
Jumapili, 14 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo, na pole na mguu. Hapa joto ni la kuchosha, vumbi la Niboye limeingia hadi kwenye sukari. Nimeshukuru kwa habari za kahawa. Nimeshukuru kwa kila kitu, ila tangu barua yako ifike sina raha.

Nitakueleza polepole, na tafadhali usimsomee mtu.

Kwenye programu yetu kuna akina mama wa uongo tuliowaunda kwa ajili ya majaribio. Wote wana mtoto mmoja mmoja. Sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo mpaka uliponiandikia habari za pacha. Nikaunda mama mwenye watoto wawili waliozaliwa siku moja, mkubwa mnene, mdogo mwembamba. Nikamtuma roboti ampe dawa mdogo. Ikawaka kijani.

Nikafungua kuangalia. Kwenye ukurasa wa mama huyo kuna vitufe viwili vya Toa Dawa, kimoja chini ya kila mtoto. Vinafanana kila kitu na hakuna chenye alama yake. Roboti alichukua cha kwanza, cha mkubwa, akapata jibu la mkubwa, akalilinganisha na uzito wa mkubwa, akaridhika. Nimetuma tena na tena, anakwenda pale pale. Cha pili hajakigusa hata siku moja tangu programu izaliwe. Sijui kinafanya nini, na ofisi nzima hakuna anayejua. Zahanati wanakigusa kila siku.

Nilitaka kukibonyeza kwa kidole changu mwenyewe. Nilimfuata Keith kwanza, nikidhani ndiyo adabu ya kazi. Akacheka, akaniambia: "Vyote ni kitufe kimoja tu, nimekopi. Kama ya kwanza iko sawa, ya pili iko sawa." Nikaenda kwa Bwana Gatera. Alinisikiliza huku anafunga vishikizo vya shati mkononi, taratibu, kimoja kimoja. Akasema: "Gaju, yote iko kijani. Wewe unatafuta nini ingine?" Kisha akanyamaza.

Kesho yake asubuhi ukurasa wa akina mama haukufunguka tena kwangu. Nimehamishiwa sehemu ya ripoti. Na Novemba programu inakwenda zahanati nyingine nyingi, na karatasi inayosema kila kitu kimepimwa inatakiwa iwe na saini yangu.

Labda Keith yuko sahihi. Labda ni mimi na woga wangu. Jumamosi nilichukua pikipiki, hizi tunazoziita moto, hadi Masaka. Nilifika kwenye kona ya kwa Peace, nikaona nguo za watoto zimeanikwa mbili mbili kwenye kamba. Nikamwambia dereva ageuze. Ningemwambia nini? Mara ya kwanza nilisema mtoto wake ni mgonjwa, akaniona mchawi. Leo nije niseme dawa inayomsaidia ni mbaya, na sina hata cha kuonyesha? Angenifungia mlango, na safari hii usingefunguka tena.

Naomba unijibu haya, na unijibu haraka. Muuguzi anafungua ukurasa mmoja wa Peace wenye watoto wote wawili? Gakuru ana kilo ngapi, na Gato je? Na Gato akinywa hiyo dawa anakuwaje?

Naogopa, Shangazi. Sijazoea kukuandikia neno hilo, ila ndilo lililopo.

Gaju

*

Bukoba
5 Oktoba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Mguu ulivimba nikashindwa kwenda hata sokoni, na basi la Nsabimana lilikaa gereji hadi juzi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili ndipo nikaelewa kidogo. Mambo ya ofisi siyawezi, ila nakuambia hivi, usigombane na mkubwa wako kabla ya Desemba. Na huyo Keith ndiye aliyeitengeneza, si anajua?

Nimemwuliza Peace kupitia kwa Eddie, bila kumtaja aliyeuliza. Ndiyo, ukurasa ni mmoja, wanatokea wote, Gakuru juu na Gato chini. Gakuru alipopimwa mara ya mwisho alikuwa na kilo kumi na moja. Ya Gato hakusema, anaona haya. Ukiangalia picha ni kama nusu ya mwenzake.

Sasa poa moyo, maana nina habari za kukufurahisha. Degedege limekoma! Karibu mwezi mzima Gato hajashikwa. Dawa inafanya kazi vizuri sana, hao wenu wana akili.

Ila kuna ujinga mmoja nimeugundua na nimeukomesha. Nilisikia kwamba Gakuru naye analala mchana kutwa, dume lile! Nikambana Peace kwa maswali mpaka akasema. Kumbe Gahongayire amemwambia pacha hawabaguliwi, anachoonja mmoja lazima aonje na mwenziwe, la sivyo anayenyimwa atamchukia ndugu yake na mmoja wao ataondoka. Kwa hiyo kila kijiko cha dawa wamekuwa wakikigawa, nusu Gato, nusu Gakuru. Tangu siku ya kwanza! Muuguzi hajui, Peace aliogopa kugombezwa.

Gaju, nilikasirika. Nilimwamuru Eddie aandike kwa herufi kubwa: ACHA USHAMBA, DAWA YA MGONJWA APEWE MGONJWA, YOTE. Nikasema kama bado mimi ni mama yake afanye hivyo leo hii. Na kweli amenitii, tangu Alhamisi Gato anapata kijiko chake kizima. Peace anasema sasa analala vizuri ajabu, hata kunyonya mpaka aamshwe. Mtoto anapumzika. Degedege lilimchosha sana, masikini.

Kwa hiyo unaona, hakuna haja ya kuogopa. Masweta yamefika kwapani.

Shangazi yako

*

Hospitali, Kigali
13 Oktoba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Najua Eddie ameshakusomea kwamba Gato amelazwa. Ni kweli, lakini alichokusomea ni robo. Naandika nikiwa kwenye benchi la wodini, karatasi nimepewa na mama wa kitanda cha jirani. Gato yu hai. Nimetanguliza hilo ili uendelee kusoma.

Barua yako niliipokea Nyabugogo, mkononi mwa Nsabimana, nikaisoma nimesimama hapo hapo kati ya mabasi. Nilipofika mwisho nilirudia mistari ya kijiko kwa sauti. Mtu mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

Muhima ni karibu, nikapanda hadi ofisini kupata uhakika kwanza. Sikwenda kwa Bwana Gatera. Nilimwendea Keith nikamwambia afungue ukurasa wa yule mama wangu wa uongo mwenye pacha, amwekee mkubwa kilo kumi na moja, mdogo sita. Alitaka kucheka tena, akaniangalia usoni akaacha. Nikamwambia abonyeze kitufe cha pili kwa kidole chake. Jina likatokea la mdogo. Jibu likatokea la kilo kumi na moja.

Keith alibonyeza tena. Akafuta, akaunda mama mwingine, akabonyeza. Kitufe cha pili kilikuwa kinasoma uzito wa mtoto wa kwanza, kwa kila mama mwenye watoto wawili. Alikopi kitufe akasahau kukiambia sasa kiko kwa nani. Alisema kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo: "Iko zahanati ngapi?" Sikungoja tuhesabu.

Masaka nilifika nimesahau kumlipa dereva wa moto, alinifuata hadi mlangoni. Peace alifungua. Gahongayire alikuwa nyuma yake na Gakuru mgongoni. Mwaka mzima mimi na Peace hatujaangaliana, na yeye akaniuliza: "Umekuja kumtabiria tena?"

Nikamwambia, "Nimekuja kumbeba."

Sijui nilisemaje, lakini alisogea. Gato alikuwa kitandani. Nilimwita, nikampapasa miguu, nikamfinya kidole kwa nguvu, Mungu anisamehe. Hakulia. Alikuwa anavuta pumzi, halafu unangoja, unangoja sana, ndipo anavuta nyingine. Peace akasema analala tu, analala vizuri. Alikuwa anasema huku tayari anamfunga kitenge cha safari. Nadhani alikuwa amejua tangu asubuhi na alikosa wa kumwambia.

Dereva yule yule wa moto ndiye aliyetutafutia gari. Daktari alipoiona chupa na karatasi ya zahanati alisema kipimo hiki ni karibu mara mbili ya kinachomfaa mtoto huyu. Wamemwekea hewa. Wanasema dawa hii haiondoki haraka mwilini, ni kusubiri. Kwa hiyo tunasubiri. Peace na mimi tunaketi benchi moja na tunahesabu pumzi zake bila kuambiana kwamba tunahesabu.

Nimemweleza daktari kila kitu kuhusu programu yetu, na jina langu nimempa. Yeye amepiga simu zahanati mbele yangu. Baadaye Bwana Gatera alinipigia. Hakugomba. Aliniuliza kama ninakumbuka niliyoyasaini, kisha ukaja ule ukimya wake. Nilikuwa namtazama Gato kupitia mlangoni, na nikagundua kwamba ukimya wa Gatera hauna kitu ndani yake. Nikakata simu.

Ni kitufe, Shangazi. Ni kile kitufe cha pili. Shika hilo na usitafute jingine.

Gaju

*

Bukoba
20 Oktoba 2025

Gaju,

Marahaba. Sina salamu ndefu. Eddie ananisomea asubuhi na jioni, bado anapewa hewa, amefungua macho, amefunga tena. Sili. Masweta nimeyaweka chini.

Nakuuliza kitu kimoja na nakuomba unijibu kama mtu mzima mwenzangu. Kijiko. Mwanzo walikuwa wanagawana. Kama kipimo kilikuwa mara mbili na wao walikikata nusu, basi Gato alikuwa anapata chake hasa, kwa ujinga wa Gahongayire. Na mimi ndiye niliyesema wasikigawe.

Niambie kama nimekosea hesabu.

Mukabalisa

*

Niboye, Kigali
2 Novemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo sana. Mvua zimeanza, na chumba kimevuja hatimaye, juu ya kitanda hasa, kwa hiyo nimehamia kwa Peace Masaka mpaka fundi aje. Umesoma vizuri. Kwa Peace. Nalala sebuleni na Gakuru ananiamsha kwa kunivuta nywele.

Gato ametoka hospitali. Anakula uji, anautema, anakula tena. Dawa anapewa kidogo kwa kipimo chake mwenyewe, daktari anaandika kwa kalamu, na amepimwa mbele yetu wote, kilo sita na robo. Degedege limemrudia mara moja, fupi. Peace alilia, nikamwambia hilo tutaliweza, tunalijua. Amejaa hasira mtoto huyu. Ukimkosea kidogo analia mtaa mzima wasikie, na hakuna anayemnyamazisha. Hata Gahongayire anamwacha alie, anakaa kando ananywa chai.

Kazini wameizima programu kwenye zahanati zote. Keith ameketi wiki nzima anakipa kila kitufe alama yake, kila mtoto namba yake, hakuna viwili vinavyofanana tena. Amekonda. Alinitumia maagizo ya roboti niyapitie, ingawa sijui kama bado ni mfanyakazi au la, Bwana Gatera hajasema. Niliyapitia. Nilimtuma roboti kwenye kitufe cha pili na kikawaka chekundu, Keith akarekebisha, kikawa kijani. Sikufurahi hata kidogo. Sasa kijani kinanitisha.

Wauguzi wanawatafuta akina mama wote wenye watoto wawili waliopewa dawa. Wengi wamepatikana, watoto ni wazima. Mama mmoja wa pacha simu yake inaita tu. Wametuma mtu wa mudugudu, kijiji chao, akaulize. Hajarudi na jibu. Kila simu ikilia humu ndani mimi na Peace tunaacha tulichoshika.

Jana Peace alinipa Gato nimshike wakati anafua. Alimweka tu mikononi mwangu akaenda kambani. Ni mwepesi kweli.

Mguu usiutese. Kula. Fuma.

Gaju wako

*

Bukoba
12 Novemba 2025

Mwanangu Gaju,

Marahaba. Nimefurahi kwa uji, na kwa mama mwenye nyumba kukuvujishia paa, Mungu amlipe. Nami naogopa pamoja nanyi kwa huyo mama asiyepokea simu. Nimemwombea bila kumjua jina.

Barua yako ndefu nimeisoma mbele na nyuma. Umenieleza mvua, uji, Keith, Gahongayire na chai yake. Kijiko hukukitaja. Nilikulea mwenyewe, najua unavyozunguka kitu usichotaka kukigusa. Basi, nimejibiwa. Nakushukuru kwamba hukuniandikia uongo.

Sitakuuliza tena, na Peace usimwambie kwamba niliuliza. Kama analijua, atanyamaza kwa ajili yangu. Kama halijui, alale.

Jana nilimwambia Eddie ampigie, nikaweka simu kwenye lile sikio la kushoto. Nyuki, nyuki tu. Halafu nyuma ya nyuki nikamsikia Gato analia. Nilimsikia vizuri kabisa, Gaju. Eddie alitaka kukata kwa sababu ya gharama, nikamshika mkono.

Ijumaa nakuja na Nsabimana, mguu utajijua. Sweta la Gakuru limekwisha. La Gato nililifuma kwa kipimo cha kaka yake bila kufikiri, lingemmeza. Nimelifumua lote, nalirudia, dogo, kwa kilo sita na robo. Lisipokwisha nitalimalizia njiani.

Nikifika mlangoni usinipokee mzigo. Nipokee fimbo, unipe yule mwepesi.

Shangazi yako,
Mukabalisa